Uingereza inamwaga pesa ya umma kwenye miji yake ya pwani iliyochoka: inafufuka kweli, au wanapaka rangi tu?

#1 Mpiga Makasia

Wakuu, salama?

Jumanne iliyopita sikuwa na zamu, nikapanda treni St Pancras mpaka Margate. Huku London kila unayekutana naye anausifia: mji ulikuwa marehemu, serikali ikaweka pesa, sasa unatembea wenyewe. Nikasema niende nikauone kwa macho yangu.

Ukitoka stesheni bahari hii hapa, mchanga mpana, upepo wa Februari unakata masikio. Ule ukumbi wa sanaa, Turner Contemporary, umekaa pembeni ya bandari ya zamani, mweupe, kama mafriji yamepangwa safu. Kuingia bure. Ndani joto safi, kahawa, watu wana makoti ambayo ukiuliza bei unajuta. Sawa. Nikatoka, nikapandisha barabara ya maduka, nikaanza kuhesabu yaliyofungwa. Nilipofika kumi na moja nikaacha. Moja lilikuwa la viatu, kibao bado kipo, barua zimerundikana nyuma ya mlango wa kioo mpaka usawa wa goti. Hapo ni dakika chache kwa mguu kutoka kwenye jengo la mamilioni.

Hoja yangu: pesa ya umma inajenga kitu kimoja kizuri ufukweni, kinapigwa picha, halafu mitaa miwili nyuma maisha ni yaleyale. Mwenye mfano wa mji wa pwani uliofufuka kweli kwa pesa ya serikali aulete. Mji mzima, siyo postikadi.

#2 Kipanya82

Nimeshakaa siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 Nahodha Mstaafu

Mleta mada, umemkuta mgonjwa wodini unauliza dawa, hujauliza alianza kuumwa lini.

Miji hii ililelewa na reli. Treni zilipofika karne ya 19, mfanyakazi wa kiwandani akaweza kwenda kuiona bahari na kurudi. Mwaka 1871 sheria ikaleta sikukuu za benki, yaani siku za mapumziko kwa nchi nzima. Kule Lancashire kila mji wa viwanda ulikuwa na wiki yake ya kuzima mitambo, na wiki hiyo mtaa mzima unahamia Blackpool, jirani yako wa nyumbani ndiye jirani yako wa gesti. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Neema juu ya neema. Halafu kuanzia miaka ya 1960 ndege za kukodi zikaanza kuwabeba watu walewale kwenda Uhispania, kwenye jua lisilobahatisha. Pwani ikabaki na vitanda maelfu na hakuna wa kuvilalia.

Hilo ni anguko la miaka hamsini. Wewe unataka ukumbi uliofunguliwa 2011 uwe umeshalimaliza?

#4 Shakwe Mweupe

Nahodha kamaliza. Ila tusiwabeze Margate. Turner, yule mchoraji, alizaliwa palepale, wamemjengea mtoto wao, watalii wanakuja. Gharama pauni milioni 17 na nusu hivi. Kwa serikali ile hiyo ni hela ya vocha.

#5 Bi Tausi

Shakwe, umeruka kabla ya kuangalia upepo. Turner alizaliwa London, 1775. Margate alipelekwa shule utotoni, na ukubwani akawa anarudi na kupanga kwa mjane mmoja, Bibi Booth. Ukumbi upo pale ilipokuwa nyumba ya huyo bibi. Na huu tunaouona ni mpango wa pili. Wa kwanza ulikuwa jengo la kusimama ndani ya maji kabisa, mawimbi yaligonge. Gharama zikapanda hata kabla ya jiwe la kwanza, 2006 wakautupa. Halmashauri ya Kent ikaanza upya na mbunifu majengo David Chipperfield, wakafungua Aprili 2011.

Sasa kwa mleta mada. Nimeishi upande huu karibu miaka kumi, na swali lako umelijibu mwenyewe bila kujua. Umesema umepanda treni St Pancras. Treni za kasi za kutoka pale zilianza Desemba 2009, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya ukumbi. Wakaja ukumbi na treni karibu pamoja, kila mtu akamsifu yule mzuri wa sura. Mimi nasema ni reli. Mtu wa London akagundua anaweza kuuza kibanda chake cha kule, akanunua nyumba ya ghorofa tatu huku, na Jumatano akaenda ofisini akarudi.

Ndipo mwenye nyumba wangu aliponiandikia kwamba anauza. Hakuwa mbaya, alinipa na mwezi wa ziada. Nikahama mara mbili ndani ya miaka mitatu, kila mara nasogea mbali na bahari. Kwa hiyo mji umefufuka, ndiyo. Muulize nani amefufukiwa.

#6 Kipanya82

"Nani amefufukiwa." Bi Tausi hiyo naiba.

#7 Ochi Bikari

Wadau, mimi nina hesabu ndogo ya mduara. Chukua bikari. Chomeka sindano katikati ya mji wa bara, chora duara la maili thelathini: una wateja, wafanyakazi na waajiri pande zote. Sasa chomeka Blackpool. Nusu ya duara ni samaki, na samaki hanunui tiketi wala haajiri mtu.

Ongeza kwamba miji hii mingi iko mwisho wa reli. Hakuna anayepita kwenda kwingine. Ukitaka kufika, umekusudia. Ndiyo maana pesa ileile ikiwekwa bara na ikiwekwa pwani haizai sawa. Jiografia haina huruma. Namuunga mkono Bi Tausi kuhusu reli, ila naye aone kwamba reli ya kasi imefaa kwa sababu upande wa pili kuna London. Reli ya kasi kutoka wapi itaiokoa Skegness?

#8 Nyundo ya Mbao

Mnazunguka. Pesa ya umma haifufui kitu, inafufua washauri na waandika ripoti. Mji uliofufuka ni Folkestone, na uliamshwa na mfuko wa mtu mmoja. Roger De Haan, familia yake ilikuwa na kampuni ya Saga, ile ya safari na bima za wazee. Feri za kwenda Ufaransa ziliposimama, mji ukasinyaa. Yeye 2002 akaanzisha taasisi, ikawa inanunua majengo machakavu ya mji wa zamani, moja baada ya moja, inayakarabati, inawapangisha wasanii kwa bei wanayoimudu. 2004 akanunua na bandari yenyewe. Tangu 2008 kuna maonyesho ya sanaa kila baada ya miaka mitatu, kazi nyingine zinabaki mtaani moja kwa moja. Hakuna mjumbe wa kamati aliyepiga kura.

#9 Bi Tausi

@Nyundo ya Mbao hakuna aliyepiga kura, hapo ndipo shida ilipo. Leo yale maghorofa mapya ya pale bandarini wakazi wengi wameyapinga, na mji hauna mtu wa kumwondoa kwenye uchaguzi. Halafu Folkestone nayo ilipata treni ya kasi mwaka uleule wa 2009. Treni ni ya umma.

#10 Nyundo ya Mbao

Treni tena! Bi Tausi una hisa kwenye reli?

#11 Bi Tausi

Nina tiketi ya msimu, ni maumivu yaleyale.

#12 Fundi Bomba

Naomba nichelewe kidogo lakini nifike. Nimekaa Blackpool miaka sita, kazi yangu mabomba. Hakuna anayeijua nyumba kama fundi bomba, kwa sababu sisi tunaingia pale ambapo mgeni haonyeshwi.

Chukueni nyumba moja, nyuma kidogo ya ufukwe. Ilikuwa gesti. Ukutani nje kuna kengele nane, tano zimeandikwa kwa kalamu juu ya plasta ya kidonda. Ndani, chumba kilichokuwa cha familia moja ya likizo kimekatwa kwa mbao nyepesi vikawa viwili, kila kimoja kina sinki la kunawia, jiko la umeme la pleti mbili, na kibanda cha bafu kilichochomekwa kwenye kona mpaka mlango unagonga kitanda. Mtaro mmoja wa maji machafu uliojengwa kwa ajili ya wageni wa Julai na Agosti sasa unabeba watu nane mwaka mzima. Niliitwa kuuzibua mara nne majira ya baridi moja. Mwenye nyumba hakuwahi kuja, anatuma ujumbe tu.

Kwa nini anafanya hivyo? Serikali ina posho ya kodi ya nyumba kwa mpangaji mwenye kipato kidogo. Kiwango chake hakipangwi kwa mtaa, kinapangwa kwa eneo pana. Blackpool imewekwa kapu moja na miji ya jirani yenye nafasi, kama Lytham St Annes, kwa hiyo kiwango kinapanda juu ya kile ambacho chumba cha ovyo kinastahili. Na chumba chenye jiko na choo chake, hata kiwe kidogo kama kabati, kinaweza kulipwa kiwango cha nyumba ya chumba kimoja. Basi biashara bora mjini si kumpokea mtalii, ni kukatakata vyumba vya mtalii wa zamani. Maskini wa miji mingine wanasikia kuna vyumba, wanakuja, na wengi wanakuja wakiwa tayari wagonjwa.

Mpiga Makasia, unauliza kama pesa ya umma inaweza kubadilisha mji wa pwani. Imeshaubadilisha. Kila mwezi inaingia Blackpool, inapita mkononi mwa mpangaji kwa dakika moja, inaishia kwa mwenye nyumba. Ukumbi wa sanaa ni tone tu ukilinganisha na huo mto.

#13 Mpiga Makasia

Fundi, hapa umenipiga. Mimi nilikuwa natafuta pesa kwenye majengo mapya.

#14 Shakwe Mweupe

Plasta ya kidonda kwenye kengele. Naiona kabisa.

Lakini Fundi, si Blackpool hiyohiyo halmashauri ilinunua mnara? Nao umesaidia nini?

#15 Fundi Bomba

Ndiyo, 2010. Mnara na Winter Gardens, jumba la zamani la burudani, wakapata nguvu ya fedha za maendeleo za mkoa na za Umoja wa Ulaya. Mnara ule wa 1894, mita 158, chuma kinakula chumvi kila siku, mwenye mali binafsi alikuwa na sababu gani ya kuupaka rangi kwa ajili ya mji? Na tramu zikafanyiwa matengenezo makubwa, mpya zikaanza 2012. Mimi sibezi hata kimoja. Kabla ya hapo mji ulikuwa umeweka roho yote kwenye kasino kubwa kabisa ya nchi. Mapema 2007 jopo likaipa Manchester, watu Blackpool wakalia, halafu serikali ikaifuta hata hiyo ya Manchester. Ukijenga matumaini juu ya barua moja ya waziri, ndiyo hayo.

Na kuhusu vyumba: 2015 halmashauri ilianzisha kampuni yake ya nyumba, inanunua zilezile gesti zilizokatwakatwa na kuzirudisha kuwa nyumba za watu kuishi. Nimefanya kazi kwenye moja, kwa mkandarasi. Tulitoa mabafu sita, tukabakiza mawili. Sijawahi kufurahi kutoa bomba kama siku ile.

#16 Mama Zawadi

Jamani nasoma tu kwenye mapumziko ya zamu. Niko mji wa pwani, sitautaja. Nafanya kea.

Nyumba tunayotunzia wazee ilikuwa hoteli. Meza ya mapokezi bado ipo, na ile kengele ndogo ya shaba ya kugonga. Kuna bibi mmoja kila asubuhi anashuka na mkoba wake, anaigonga, ananiomba ufunguo wa chumba chenye dirisha la bahari. Alikuja mji huu fungate, akarudi kustaafu. Nampa ufunguo wa kabati la shuka, anashukuru, tunapanda wote.

Sasa pesa ya umma mnayoizungumzia, mimi naiona kila usiku. Basi la mwisho linaondoka saa moja kasoro jioni, zamu yangu inaisha saa mbili. Natembea dakika hamsini ufukweni. Njia imetengenezwa upya, mawe mazuri, mabenchi, taa mpya za kupendeza. Nazisifu hizo taa kwa dhati, maana nazijua moja moja.

#17 Mhasibu wa Usiku

Mama Zawadi kasema kwa miguu nilichotaka kusema kwa kalamu.

Pesa ya kujenga na pesa ya kuendesha hazitoki mfuko mmoja. Taa ni pesa ya kujenga: unaiomba, unashindana, unapewa, waziri anakata utepe. Basi la saa mbili usiku ni pesa ya kuendesha: kila siku, kila mwaka, hakuna utepe. Serikali kuu inapenda kutoa ya kwanza. Ya pili inaachiwa halmashauri, na halmashauri hizi zimekatwa ruzuku tangu 2010 mpaka zinafunga maktaba.

Mfano wa kuumiza ni gati la matembezi la Hastings. Liliungua Oktoba 2010. Wananchi wakapigana, halmashauri ikalichukua kwa sheria, bahati nasibu ya taifa ikatoa zaidi ya pauni milioni 11, watu wa kawaida wakanunua hisa. Likafunguliwa upya 2016, mwaka huohuo likachukua tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo ya nchi ile. Mwaka uliofuata taasisi iliyoliendesha ikawekwa chini ya wafilisi. Pesa ya kulijenga ilipatikana. Ya kulipa walinzi, bima na mafundi wa chuma Januari haikupatikana. 2018 likauzwa kwa mfanyabiashara kwa kiasi ambacho usingenunulia hata gereji ya London.

#18 Shakwe Mweupe

Leo zamu yangu kusahihisha. @Mhasibu wa Usiku tuzo ilikuwa 2017, na wafilisi waliingia Novemba hiyohiyo ya 2017. Mwezi mmoja tu baada ya tuzo. Hadithi yako ni kali zaidi ya ulivyoiandika.

#19 Mhasibu wa Usiku

Sahihi kabisa. Asante. Nimekaa vibaya na tarehe.

#20 Nyundo ya Mbao

Kwa hiyo mnakubaliana nami. Milioni 11 zimeliwa na bahari.

#21 Nahodha Mstaafu

Nyundo, hakuna aliyekubaliana nawe, umeamka vibaya. Gati bado limesimama.

Na hii habari kwamba pesa ya umma ufukweni ni kiherehere cha sasa si kweli. Nenda Bexhill, jirani wa Hastings. De La Warr Pavilion, 1935. Meya wa mji alikuwa mtu wa tabaka la juu aliyekuwa msoshalisti, akashawishi mji ujenge jumba la burudani la umma, kioo na zege, ngazi inayozunguka kama gamba la koa. Wabunifu Mendelsohn na Chermayeff. Miaka ikalichosha, rangi ikabanduka, likawa linabishaniwa kama liuzwe. Bahati nasibu ikasaidia, 2005 likafunguliwa upya kama kituo cha sanaa. Tangu 1935 mpaka leo hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hesabu lilileta ajira ngapi, na hakuna mtu wa Bexhill atakayekubali ulibomoe. Si kila kitu cha umma ni duka.

#22 Mpiga Makasia

Nahodha hapo tutagombana. Yule wa Bexhill ana kioo na zege, Mama Zawadi hana basi. Ukiwa na pauni moja, unaiweka wapi?

#23 Nahodha Mstaafu

Kwenye ukuta wa bahari. Hamjataja ukuta hata mmoja, na posti ishirini zimepita. Bila ukuta hakuna basi, hakuna ukumbi, hakuna gesti ya Fundi. Miji hii inalipa kodi ya kusimama tu mahali ilipo. Blackpool ule ufukwe wake mpya wa ngazi za zege unaokaliwa na watu wakila chipsi, kazi yake ya kwanza ni kuvunja mawimbi. Wakaona kwa kuwa lazima wajenge, wajenge kitu cha kukalia. Huo ndio uwekezaji wenye akili.

#24 Kipanya82

Mmetaja chipsi. Nani ameshaibiwa na shakwe? Mimi Brighton, nilikuwa na samaki mzima, sijala hata tonge. Kaja kutoka nyuma, kapita begani, mkono umebaki umeshika boksi tupu.

#25 Shakwe Mweupe

Natoa pole kwa niaba ya ukoo.

#26 Ochi Bikari

🤣🤣 Hiyo ndiyo sekta binafsi ya Nyundo.

#27 Msafiri wa Kesho

Turudi. Mbona hakuna aliyeitaja Jaywick? Pwani ya Essex. Vibanda vya likizo vya watu wa London vya miaka ya 1930, vikageuka makazi ya kudumu bila kujengwa kwa ajili hiyo. Kwenye orodha ya serikali ya ufukara imeshika nafasi ya kwanza 2010, 2015, 2019, na tena 2025. Mara nne mfululizo. Kila ripoti ikitoka wanakuja waandishi wa magazeti, wanapiga picha ya kibanda kibovu kilekile, wanaondoka.

Mwaka 2023 pesa ya umma ilijenga pale jengo la biashara ndogondogo na soko la ndani, linaitwa Sunspot. Watu wakachukua vyumba, wakaanza kazi. Lakini 2025 mji ukabaki namba moja. Kwa mantiki ya mleta mada, Sunspot imefeli. Mimi sikubali. Orodha inapima wanaobaki. Kijana akifanikiwa pale akahamia Colchester, yeye hahesabiwi tena Jaywick, na kibanda chake anaingia mwingine aliyebanwa. Mji unaweza kusaidia watu wengi ukabaki mkiani milele.

#28 Fundi Bomba

Hii ni kweli tupu. Blackpool ni hivyohivyo. Mwenye afya anaondoka, mgonjwa anaingia, halafu wanashangaa umri wa kuishi wa wanaume ni mfupi kuliko popote England.

#29 Bi Tausi

Ongezea ripoti ya mganga mkuu wa England, Chris Whitty, ya 2021, yote ilihusu afya ya miji ya pwani. Alisema jambo ambalo kila mkazi analijua: takwimu zinakusanywa kwa eneo kubwa, kwa hiyo mji wa pwani unafichwa ndani ya mkoa wenye mashamba na matajiri wake. Ukichanganya Margate na vijiji vya ndani vya Kent, wastani unapendeza.

#30 Mhasibu wa Usiku

Na pesa zenyewe zinavyokuja, kila serikali na kibakuli chake. Sea Change 2008 mpaka 2010, pesa ya utamaduni. 2012 mfuko wa jamii za pwani, uliotokana na mapato ya bahari ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Ufalme, nao ukaja ukaisha. 2019 Towns Fund, pauni bilioni 3.6 kwa miji ya aina zote. Halafu Levelling Up Fund. Karibu kila mara mji unaandika ombi, unashindana na mji jirani, na anayeshindwa amepoteza mishahara ya kuandika ombi. Kamati ya House of Lords, bunge la juu, ilitoa ripoti nzima ya miji ya pwani Aprili 2019, wakataja usafiri, nyumba, shule. Waliyoyaona ni haya mnayoyasema hapa bure.

#31 Shakwe Mweupe

Morecambe walishinda lakini. Eden Project, kile kivutio cha bustani za ndani ya majumba makubwa, pauni milioni 100 za serikali.

#32 Mhasibu wa Usiku

Nusu. Milioni 50 za Levelling Up, zilitangazwa Januari 2023. Nusu nyingine ilikuwa waitafute kwingine. Na mji wenyewe umejipanga: ile hoteli ya Midland ya 1933 ilikuwa gofu, kampuni binafsi ikaikarabati, ikafunguliwa 2008. Tukaambiwa Midland itauamsha mji. Sasa tunaambiwa Eden itauamsha. Huyu analala usingizi gani?

#33 Nyundo ya Mbao

Wa kupuliziwa dawa za ruzuku.

#34 Ochi Bikari

Kwani kuna upande wa pili ambao tunauogopa. St Ives, kule Cornwall, haikuhitaji kuamshwa. Ina tawi la Tate tangu 1993, ina mwanga, ina kila kitu. Mwaka 2016 wakazi wakapiga kura, asilimia 83 wakakubali nyumba mpya ziuzwe kwa wanaoishi pale mwaka mzima tu. Huo mji umefanikiwa mpaka wenyewe wanatafuta breki. Tangu Aprili 2025 halmashauri zinaweza kutoza kodi maradufu kwenye nyumba za pili, na nyingi za pwani hazikusubiri kuambiwa mara mbili. Hapo ndipo Margate inaelekea, Bi Tausi?

#35 Bi Tausi

Mtaa wangu wa kwanza, nyumba tatu zina kisanduku cha ufunguo cha namba kando ya mlango. Ijumaa masanduku ya magurudumu yanapita yakigonga mawe, Jumapili yanarudi. Katikati ya wiki giza. Hayo maduka kumi na moja uliyohesabu, Mpiga Makasia, nani angeyanunua Jumanne ya Februari?

#36 Mpiga Makasia

Nimekuelewa. Ila basi tumerudi palepale: kabla ya pesa kulikuwa na giza la umaskini, baada ya pesa giza la kisanduku cha ufunguo.

#37 Mama Zawadi

Mkishaamua mniambie kuhusu basi. Naingia zamu.

#38 Nahodha Mstaafu

Kazi njema dada. Mpiga Makasia, wewe ulikwenda siku moja, Jumanne, Februari, ukauhukumu mji wa likizo. Nenda wikiendi ya sikukuu mwisho wa Agosti, ulale usiku mmoja, ndipo urudi uandike.

#39 Mpiga Makasia

Nahodha, nimeangalia sasa hivi. Gesti nilizozijua zote wikiendi hiyo zimejaa, na iliyobaki na nafasi inataka usiku tatu.

#40 Kipanya82

Nenda na hema. Samaki shika kwa mikono miwili.